Cheti cha Mama Arielle

Kila asubuhi, kabla soko la Muyinga halijachangamka, Adventina alikuwa ameshapanga maharagwe yake juu ya magunia. Mekundu huku, ya manjano kule. Wateja walimjua kwa usafi wake na kwa Kiswahili chake cha Tanzania. Alikulia Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi. Alisoma huko mpaka kidato cha nne, kisha akarudi Burundi na wazazi wake. Aliporudi akaambiwa Kifaransa chake hakitoshi. Masomo yake yote yakawa kama hayakuwahi kuwepo.

Mume wake, Nazario, alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki. Siku moja lori lilimgonga kwenye barabara ya Kobero. Alitoka nyumbani akicheka, akarudishwa amefunikwa shuka. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Arielle, na siku ile alikuwa bado anaongea maneno ya kitoto.

Baada ya mazishi, mama mkwe wake, Kasilda, alikuja kutoka Mutoyi. Aliwakuta mama na mtoto wakilala njaa. Kasilda hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alisema atamlea mtoto mpaka Adventina apate kazi ya mshahara. Arielle aliondoka mgongoni kwa bibi yake, akipunga mkono, akidhani anakwenda kutembea tu. Adventina alibaki mlangoni mpaka majirani wakamwingiza ndani.

Tangu hapo alitafuta kazi kwa udi na uvumba. Shirika moja la Gitega likatangaza nafasi ya msaidizi wa msimamizi, katika mradi wa maji. Adventina akapanda basi, akaenda. Aliyemhoji aliitwa Valentin, mtu mpole mwenye miwani. Alimwuliza kama amewahi kusimamia mradi. Adventina akajibu hapana. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa Muyinga, projet, yaani mradi kwa Kifaransa, ni gari kubwa lenye nembo mlangoni, na watu wenye fulana za shirika wakishuka. Yeye gari hilo hajawahi hata kulishika. Valentin akauliza kama ana cheti cha usimamizi wa miradi. Hapana pia. Basi akamshukuru kwa upole, akamwita mwingine. Adventina akarudi Muyinga mikono mitupu.

Mwaka wa msiba ukakaribia kwisha. Ikafika kuganduka, siku ambayo familia inamaliza maombolezo. Ndugu wengine walikuwa wanalia, wengine wanagombana. Kazi yote ikamwangukia mjane.

Alianza mapema. Aliuliza nani atakuja, na kila mmoja ataleta nini. Aliazima viti parokiani. Aliazima maturubai, maana yalikuwa majira ya mvua. Bia ya ndizi aliagiza kwa watu wawili, mmoja akichelewa awepo mwingine. Kulikuwa na mjomba ambaye akionja tu huanzisha habari za mashamba. Huyo akamkalisha ubavuni kwa padri. Mvua ilinyesha kweli, wala hakuna aliyelowa. Bia ya mtu wa kwanza haikuonekana, lakini watu walikunywa. Mjomba alinyamaza kama maji ya mtungini. Jioni kila kiti kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe.

Kati ya wageni alikuwemo Emérance, mwanamke wa Bukavu. Zamani alikuwa jirani yao, akiuza vitenge pale Muyinga. Baadaye alisomea usimamizi wa miradi, na sasa alikuwa na kazi nzuri Gitega. Aliyatazama yote siku ile, kisha akamsogelea Adventina.

"Mama Arielle," alisema, "hii kazi ulifanya leo, hii iko projet."

Adventina alihisi kama amepigwa kofi.

"Dada, leo namaliza kumlilia mume wangu. Huu ni msiba. Usiuite projet."

"Siko nakuchezea, ndugu yangu. Mi niko nasema unaweza."

Adventina alikwenda kuosha sahani, akaziosha hata zilizokuwa safi. Emérance akaondoka bila kuagana naye. Kasilda naye, aliyekuwa amemleta mtoto kwa siku hiyo, akamfunga Arielle mgongoni, wakarudi Mutoyi. Safari hii mtoto hakupunga mkono. Alikuwa amelala.

Miezi ikapita. Adventina aliona tangazo jingine la kazi, limebandikwa ukutani sokoni. Akalisoma mpaka chini, na chini kulikuwa na neno lilelile: cheti. Alisimama pale akalia mbele za watu, hakuona haya. Kisha akapiga moyo konde, akafunga safari kwenda Gitega kwa Emérance.

Alimwomba radhi kwa siku ile. Emérance akasema mwenye kuomba radhi ni yeye, kwa sababu alisema neno la kweli mahali pa machozi. Alimpa chai, wakaketi. Ndipo akamweleza polepole.

"Projet siyo gari, Mama Arielle. Ni kazi iko na mwanzo, iko na mwisho, na watu wanangojea kitu kutoka kwako. Uliuliza nani atakuja. Hao tunaita wadau. Uliogopa mvua mbele ya kunyesha. Hiyo tunaita hatari. Kazi unaijua. Majina yake ndiyo huna. Na mwajiri hawezi kusoma ndani ya roho yako. Cheti kinamwambia kwamba umesoma na umepimwa."

"Basi nikipata hicho cheti, kazi nimepata?"

"Hapana. Mi siwezi kukudanganya. Utaitwa, utasikilizwa. Pale ndani, utaongea mwenyewe."

Akamwonya pia. Kuna watu wanaouza karatasi zenye mihuri mizuri bila kumfundisha mtu chochote. Cheti cha kweli kina namba, na mwajiri anaweza kuihakiki kwa waliokitoa. Akamwambia asome kwanza matangazo ya kazi, aone waajiri wanataka cheti kipi. Vyeti vya juu vinadai miaka ya uzoefu. Lakini kipo cha wanaoanza: mtu aliyemaliza sekondari anasoma kozi, kisha anafanya mtihani. Na mtihani huo unafanywa hata kwa Kiingereza.

Adventina akauliza mara mbili kama ni kweli. Kiingereza cha sekondari alikuwa nacho. Kilikuwa kimelala kichwani mwake tangu kambini, hakuna aliyekiulizia.

Alisoma usiku na mchana, huku akiendelea kuuza maharagwe. Mtihani aliufanyia kwenye kompyuta ya Emérance, msimamizi akimtazama kwa kamera kutoka mbali. Mara ya kwanza alifeli. Siku ile alitaka kuacha kabisa. Alimpigia simu Kasilda ili amsikie Arielle, lakini mtoto alikuwa anacheza, akakataa kuja kwenye simu. Adventina akafungua kitabu tena. Mara ya pili alifaulu.

Shirika lile la maji likatangaza nafasi nyingine, na Adventina akaitwa. Valentin alikuwa palepale, na miwani yake. Aliitazama namba ya cheti, akaihakiki, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema:

"Tueleze mradi mmoja uliouongoza wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho."

Adventina akasimulia kuganduka kwa Nazario. Alitaja wadau, alitaja hatari, alitaja mpango wa pili wa bia. Alipofika kwenye kufunga mradi, pale viti viliporudi na watu wakaenda zao, sauti ilikatika. Akasema samahani. Valentin alivua miwani, akamwambia achukue muda wake. Wiki hiyohiyo akapewa kazi.

Alikwenda Mutoyi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na furaha, akatembea haraka mpaka jasho likamtoka. Alimkuta Arielle uani, amerefuka, amevaa sare ya shule. Mtoto alimwona akasimama vizuri. Alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtoto aliyefunzwa adabu anavyomsalimu mgeni. Kisha akamletea kigoda, akaenda kumwita bibi yake.

Kasilda alitoka, akaelewa kabla ya kuambiwa. Alifunga nguo za mtoto huku analia. Adventina akamshukuru kwa kupiga magoti, naye akalia. Wote wawili walimpenda Arielle, na mmoja lazima abaki peke yake. Hilo hakuna cheti cha kulitengeneza.

Mama na mtoto wakashika njia ya kwenda barabarani. Walipofika kituoni Arielle akauliza kwa adabu:

"Utanirudisha lini?"

Adventina alichutama mbele yake. Alimwambia kwamba Gitega kuna chumba na kitanda, na kwamba watakuja kumwona bibi kila likizo. Mtoto akaitika, "Ndiyo, mama," kama anavyoitika kwa mwanamke yeyote mtu mzima. Basi likaja. Adventina akambeba ndani, ingawa alishakuwa mkubwa mno kwa kubebwa, akampakata mpaka Gitega.