Pampu ya Izreen

Wanaume sita walikuwa wameinamia sanduku la spea kwenye yadi ya magari chakavu mjini Klang, na hakuna aliyempisha Izreen. Basi akapenya. Alivaa gauni refu la buluu lililonyooka kwa pasi, mtandio mweupe, na miguuni viatu vya gereji vyenye grisi. Alipoifikia pampu ya mafuta aliyoitaka, mkono mwingine ulikuwa umeshaishika.

"Samahani, bibie. Hii si ya kigari cha kwendea sokoni."

"Nani kakwambia naenda sokoni? Langu lina turbo."

"Turbo! Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kuliko huo mdomo wako."

Wenzake waliangua kicheko. Mwenye mkono ule, Hafzan, fundi wa magari ya mashindano, naye alicheka, lakini moyo wake ulishanaswa.

"Lakini hata hii haikufai," akamwambia kwa upole. "Turbo ikikandamiza, itashindwa kusukuma mafuta ya kutosha. Na ubadilishe waya. Ukiifunga pampu kubwa kwenye waya mwembamba wa kiwandani, itakufa njaa na chakula kipo."

Toka hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Bado."

"Nakuletea roti na mchuzi wa dengu. Na mimi mwenyewe."

"Roti inatosha, fundi wangu."

Akaja hata hivyo. Wakapendana, wazee wakaambiwa, na posa ikapangiwa Jumamosi baada ya mashindano ya magari ya Sepang. Izreen alikuwa anakwenda kushindana huko kwa Satria nyekundu aliyoachiwa na marehemu baba yake, gari ambalo mzee huyo alilijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Hafzan alimtafutia pampu halisi, iliyobaki moja tu mjini. Aliiunga kwenye betri mbele yake, petroli ikabubujika ndani ya jagi.

"Ona inavyotapika, mpenzi! Haya, kamchukue mama hospitali. Nitaifunga mwenyewe."

Izreen akaenda. Ningekuwapo ningemvuta mkono. Pampu ukishaipima, huigeuzii mgongo mpaka tangi lifungwe. Lakini nani humlinda mchumba wake kama mwizi?

Sepang, kwenye sehemu iliyonyooka, alikanyaga mafuta hadi mwisho. Turbo ikapiga mluzi, injini ikakohoa, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma. Pistoni ilikuwa imetoboka. Izreen alilia ndani ya kofia yake ya mbio, na Hafzan akamkumbatia mbele za watu.

"Bahati mbaya, laazizi. Injini yenyewe kizee."

Injini ya baba yake, kizee! Neno hilo lilimkera; pistoni hutoboka injini ikikosa mafuta, si kwa uzee. Alipofika nyumbani akainua kiti cha nyuma, akafungua tangi, akaitoa pampu. Herufi za pampu halisi huchorwa kwenye chuma chenyewe. Hizi zilikuwa za karatasi, na petroli ilikuwa imeshazibandua. Akapiga simu.

"Hafzan, pampu yangu iko wapi?"

"Si iko kwenye tangi?"

"Nimeishika hapa. Maandishi yake yamebaki vidoleni mwangu."

Maneno yakamtoka Hafzan mbiombio. "Kuna timu ya mashindano ya Penang, waliitaka. Walisema nikiwapatia, wananiajiri. Nilidhani feki ingevumilia siku moja tu. Nilifanya kwa ajili yetu, Izreen!"

"Kwa ajili yetu? Ungeniomba, ningekupa! Ungeniomba tu!"

Kweli angempa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya pistoni, na alikaa sakafuni karibu na gari akilia mpaka macho yakavimba. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliipenda.

Hakumwambia mama, wala hakuivunja posa. Jumamosi ilipofika, wageni waliingia na masinia yao: pete, tambuu, keki, vitambaa. Hafzan alivaa kofia nyeusi na suti ya hariri ya kijani, uso umemkonda. Sinia la mwisho alilibeba mwenyewe. Katikati ya maua ya yasmini ilikuwepo pampu, na herufi zake zimechorwa kwenye chuma.

"Nimeirudisha," alisema, machozi yakimlengalenga. "Injini nitaijenga upya. Nisamehe, mpenzi wangu."

Mama akaguna bila kuelewa. Izreen aliigusa pampu, na moyo ukamlainika. Alimpenda bado, jamani, tusidanganyane. Alishafungua mdomo kumsamehe.

"Wamekubali kukurudishia?" akauliza.

"Hawajui. Nimeitoa asubuhi."

"Leo mchana si wanashindana? Kwenye gari lao umefunga ipi?"

Hafzan akatazama zulia.

"Hafzan. Umefunga ipi?"

"Inafanana nayo," alijibu kwa sauti ndogo. "Nimewaza wewe tu."

Izreen alichukua simu, akampigia dereva wa Penang, aliyejuana naye mashindanoni, palepale mbele ya wazee. "Kaka Dinesh, usiliwashe gari. Fungua tangi kwanza. Pampu mliyopewa na Hafzan iko kwetu, naileta."

Akaitoa pampu katikati ya maua, akaifunga kwa mtandio aliojitanda mabegani.

"Injini nikiifungua, naona kilichoharibika," alimwambia Hafzan. "Wewe nimekufungua mara mbili, nimekuta kitu kilekile. Mama, wape wageni chakula kwanza. Halafu masinia yarudi nao."