Filomena wa Pili Yuko Kipawa

Soko la Mabibo wakati wa masika si mahali pa kupitisha kompyuta. Lakini Filomena alikuwa ameilaza yake kwenye toroli, juu ya mananasi ya mtu, ameifunika kanga, naye anatembea pembeni akimfokea msukuma toroli kila gurudumu lilipozama. Alivaa gauni la kitenge cha njano, shingoni limedariziwa majani ya mkorosho, na matope yameshampanda hadi magotini. Nyuki wa soko zima waliacha kazi zao wakaifuata ile kompyuta.

"Dada, hiyo unauza kwa kilo au kwa fungu?"

Filomena akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi kwelikweli, viatu kavishika mkononi.

"Na wewe hivyo viatu unauza jozi au kimoja kimoja?"

Kijana akacheka mpaka begi la bisibisi likamponyoka. Aliitwa Revelian, na ndiye fundi wa kompyuta aliyekuwa akitafutwa. Alipoifungua ile mashine, akakuta sisimizi wameshapanga vyumba viwili na sebule.

Filomena alikuwa na duka la kudarizi kule Tandika. Mashine yake ya kudarizi ilisoma michoro kutoka kwenye kompyuta, na ule wa majani ya mkorosho aliuchora mwenyewe, akikumbuka kwao Newala. Kwaya na maharusi wa Temeke waliufuata huo tu. Ukiuondoa, duka linabaki nyuzi.

Basi Revelian akawa anakuja kila Ijumaa kusafisha kompyuta ambayo haikuwa chafu.

"Filo mpenzi, kazi zako una nakala?"

"Si hii hapa, kwenye flashi."

"Lakini umeichomeka humohumo!"

"Nikiichomoa itapotea. Hapo naiona."

"Na kompyuta ikiungua?"

"Una mdomo mbaya wewe! Kunywa chai."

Ijumaa moja Revelian akatoka mlangoni kupiga simu, kwa ile sauti ya chini ambayo mwanaume akiitumia hata nzi husogea wasikilize.

"Shikamoo shangazi. Filomena wa pili hajambo? Msogeze mbali na jiko, joto haliwezi. Mfunike vizuri. Nikimaliza na huyu wa kwanza nakuja kumchukua."

Ndani, mkasi ukaanguka.

"Ukimaliza na huyu wa kwanza!" Filomena alishafika mlangoni. "Mie sinia la pilau, ukimaliza unavuta lingine?"

"Filo, sikiliza, huyo ni..."

"Na shangazi yako ndiye anamtunza! Ukoo mzima mnanicheka! Toka, na bisibisi zako!"

Jioni Revelian akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, ikapokelewa na sauti ya Filomena ikisema Filomena hayupo, apigiwe yule wa pili.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika, kama kawaida yake, bila kuaga. Uliporudi, ulirudi na hasira za mtu aliyefukuzwa. Kompyuta ikalia pah! Moshi ukatoka, na kale kaflashi kalikochomekwa kasipotee kakaungulia palepale, bila kupotea. Mezani kulikuwa na sare za kwaya ya parokia, nusu zina majani, nusu tupu, na sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ni Jumapili.

"Wanakata wanavyotaka, wanarudisha wanavyotaka, wa kuungua mie tu!" Filomena alipiga kelele mpaka wauza samaki wakanyamaza.

Jirani wa duka akampigia Revelian. Akapitia Kipawa, akaja mbio, akafungua kitenge juu ya meza. Ndani mlikuwa na diski nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, imeandikwa kwa wino mweupe: FILOMENA WA PILI.

"Huyu ndiye uliyenifukuzia," alisema. "Kila Ijumaa nilinakili kazi zako, nazilaza Kipawa kwa shangazi Tekla. Pakiungua huku, kule panabaki."

Akaichomeka kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Majani ya mkorosho yakafunguka kwenye kioo, halikupungua hata moja. Mashine ikaanza kunguruma. Revelian akatanua mikono, akisubiri kukumbatiwa.

"Nani alikuruhusu?"

"Eeh?"

"Nani alikuruhusu? Humo mna vipimo vya wateja wangu. Viuno vya nusu ya wanawake wa Tandika vimelala kwa shangazi yako, na mie sijui!"

"Nilitaka kukulinda, mpenzi."

"Kwa kunificha? Mlinzi anayeingilia dirishani anaitwaje?"

Revelian akaishusha mikono.

"Nimekosa, Filo. Ni mali yako. Ilinipasa nikuombe kwanza."

Aliposema hivyo bila kutia "lakini", sauti ya Filomena ikashuka. Si sana.

"Utaifunga kwa neno la siri, nitalijua mie peke yangu. Na itakaa Kimara kwa mama yangu. Utaipeleka wewe mwenyewe."

Kwaya iliimba Jumapili ikiwa imejaa majani. Kesho yake Revelian akasimama mlangoni Kimara, shati jeupe, diski imefungwa kwenye kitenge kipya, ameishika kwa mikono miwili. Mama Marietha akatazama shati, akatazama kifurushi, akajitupia kanga ya pili mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ila nyie vijana wa siku hizi mnaenda kienyeji sana. Mshenga wako yuko wapi?"

Revelian akanyoosha kifurushi. "Mama, hii... hii ni nakala."

"Nakala ya barua ya posa? Na barua yenyewe iko wapi?"

Filomena alikuwa amekunja mikono pembeni. "Mama anakuuliza! Au na yenyewe umeificha Kipawa?"

"Inakuja Jumamosi, mama," Revelian akasema. "Shangazi Tekla ataileta." Kisha akamgeukia Filomena haraka. "Kama mwenyewe utaniruhusu."

"Nimeruhusu!" Filomena akafoka, machozi yakimlengalenga. "Na mbona umechelewa kuomba?"