Breki za Limbu

Kila asubuhi Tadeo aliifuta baiskeli yake kabla ya kunawa uso. Alianza na fremu, akaja kwenye usukani, akamalizia na spoku moja moja kwa kipande cha kanga kuukuu, huku Bibi Yudith akimwangalia kutoka mlangoni mwa jiko na kutikisa kichwa.

“Mume wangu,” Bibi alimwita hivyo, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, “huyo mke wako wa chuma anaoga kila siku. Shingo yako wewe itaona maji lini?”

Tadeo alicheka tu. Majirani zao huko mlimani, kando ya barabara ya Chunya juu ya mji wa Mbeya, walikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, zenye keria pana za kubebea magunia ya viazi. Ya Tadeo haikuwa na keria wala madgadi. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, rangi ya samawati, nyepesi hata aliweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Usukani wake ulijikunja kama pembe za kondoo dume, na mwendeshaji alilazimika kuinama sana ili upepo umpite juu ya mgongo badala ya kumsukuma kifuani. Baba yake, aliyekuwa seremala katika misheni ya Tosamaganga kule Iringa, aliachiwa baiskeli hiyo na padri mmoja Mwitaliano aliyekuwa anarudi kwao. Naye akaipakia kwenye lori la mahindi ije kwa mwanawe.

Tairi zake nazo zilikuwa za ajabu. Zilikuwa nyembamba, tena hazikushikwa na ukingo wa rimu kama tairi nyingine, bali zilibandikwa kwa gundi. Fundi Sedekia wa mtaa wa Mwanjelwa, kule mjini, alimwonya siku ya kwanza alipozibandika.

“Gundi hii ndiyo roho yako, kijana. Isipate mafuta, isipate joto kali. Ikilainika, tairi linatoka, na wewe unatoka nalo.”

Mwaka huo, 1976, shule yao iliambiwa ipeleke mwanafunzi mmoja Iringa kwenye mbio za baiskeli za sikukuu ya Saba Saba. Tadeo hakulala vizuri tangu siku ile tangazo liliposomwa mstarini. Hakuwa amemwona baba yake kwa miaka miwili. Alishamwona katika mawazo yake mara mia, amesimama kando ya barabara na kofia yake ya seremala, akiwaambia watu, “Yule mwenye baiskeli ya samawati ni wangu.”

Wa kumzuia alikuwa mmoja tu, naye ni Limbu. Limbu alikuwa mtoto wa wafugaji waliohama kutoka Shinyanga na ng’ombe wao hadi bonde la Usangu. Alikaa Mwanjelwa kwa mjomba wake Maganga, muuza mchele, ili amalize darasa la saba. Aliendesha baiskeli nyeusi ya mjomba, ile ile iliyobeba mchele, lakini miguu yake ilikuwa haichoki.

Ijumaa, siku moja kabla ya majaribio, Limbu alichuchumaa kando ya baiskeli ya Tadeo uwanjani. Akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

“Hii imeshikwa na nini?” aliuliza.

“Gundi,” Tadeo alijibu kwa maringo.

“Gundi tu?” Limbu alibonyeza tena, akaguna, akaenda zake.

Kesho yake walishindana kutoka shuleni hadi Uyole na kurudi. Tadeo aliinama, upepo ukampita mgongoni, na kufika Uyole alikuwa amewaacha wenzake mbali. Hata alipogeuza kurudi hakumwona wa kumfukuza. Ila kwenye kona ya mwisho, wakati shule inaonekana, tairi la mbele lilichomoka kwenye rimu. Tadeo aliruka juu ya usukani akatua kwenye lami kwa goti na kidevu. Limbu alipita na baiskeli ya mchele, akageuka kumwangalia mara moja, akaendelea. Mwalimu Edmund aliandika jina la Limbu kwenye karatasi ya kupeleka Iringa.

Tadeo alipolikagua tairi lake, aliona rimu ni safi kabisa, gundi haipo. Hapo akakumbuka kidole gumba cha Limbu. Nani mwingine alijua habari za gundi? Nani mwingine alibonyeza?

Hakumshtaki kwa mwalimu. Kumshtaki kungeishia kwenye viboko viwili vitatu, naye alitaka zaidi ya hapo. Alitaka Limbu alambe vumbi mbele za watu, aone uchungu wake. Wala hakulipeleka tairi kwa Fundi Sedekia. Aliliacha linaning’inia kwenye rimu ili kila akiingia ndani alione, na hasira yake isipoe. Kwa wiki mbili alikula kisasi asubuhi, mchana na jioni. Darasani Limbu akijibu swali, Tadeo alisaga meno. Limbu akimsalimu, alitazama pembeni.

“Mgeni wa juzi tu,” alijisemea. “Atanijua mimi ni nani.”

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, wanafunzi walikuwa shamba la shule wakichimba viazi. Baiskeli zao waliziegemeza kwenye mikaratusi. Tadeo aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Mfukoni alikuwa na spana ndogo.

Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Alizilegeza nati za raba za breki, za mbele na za nyuma, zibaki zimeshikilia kidogo tu. Breki zikivutwa polepole zingeshika. Zikivutwa kwa nguvu, raba zingechomoka. Alimwona tayari Limbu akiivamia meza ya nyanya pale sokoni Mwanjelwa, na akina mama wakimzomea. Alirudi shambani akachimba viazi kwa bidii, hata Mwalimu Edmund akamsifu. Moyo wake ulikuwa mtamu, na tusidanganyane, kisasi kina utamu wake kabla hakijaiva.

Mchana ule alikuwa amekaa nje na Bibi wakila viazi vya kuchemsha, mara mtu akatokea barabarani akisukuma baiskeli kupanda mlima.

“Shikamoo, Bibi!” alisema Limbu, jasho likimtoka.

“Marahaba, mwanangu. Unapeleka wapi chuma hicho?”

“Napanda juu kabisa, Bibi, halafu nateremka mbio. Wanasema Iringa kuna mlima wa Ipogolo, nataka nizoee.” Akamgeukia mwenzake. “Tadeo, goti limepona?”

Tadeo alijifanya anamenya kiazi. Mlima wa barabara ya Chunya hakuufikiria kabisa. Una kona kali, na upande mmoja kuna korongo ambalo mbuzi akitumbukia, mwenyewe haendi kumtafuta. Alimtazama Limbu akipotea kwenye kona ya kwanza, akajikaza. “Shauri yake,” alisema moyoni. “Yeye alinionea huruma?”

“Kijana ana adabu huyu,” alisema Bibi. “Na wewe mke wako umemtelekeza, siku hizi humfuti hata vumbi. Bora mimi ninayemjali.”

“Unamjali vipi, Bibi?”

“Hukumbuki ile siku ya sakitu, majani yote yalipoamka meupe? Kesho yake ndiyo ulikuwa unashindana. Nikasema chombo cha watu hiki, chembamba hivi, baridi itakipasua. Mimi mbegu zangu za mahindi naweka jikoni, vifaranga naweka jikoni, wewe mwenyewe ulipozaliwa nilikulaza pale pale. Basi nikaiingiza, nikaiegemeza gurudumu la mbele karibu na mafiga, ikaota moto hadi alfajiri.” Bibi alitabasamu. “Tena kulikuwa na kamasi kamasi imetoka kwenye tairi. Nikaifuta yote kwa kitambaa, nikairudisha hujaamka.”

Tadeo alisimama. Viazi vilimwagika. Limbu hakugusa gundi. Limbu alibonyeza tairi tu, kama mtu yeyote anavyobonyeza kitu asichokijua, na sasa alikuwa juu ya mlima na breki mbovu.

“We, unakwenda wapi?” Bibi aliita, lakini Tadeo alishaingia njia ya mkato.

Njia hiyo ilipanda moja kwa moja kati ya mashamba ya pareto, ikikata kona za barabara. Alikimbia, akaanguka, akakimbia kwa mikono na miguu. Goti lililopona lilichanika upya. Alitokea barabarani kona ya tatu, na hapo akasikia mlio wa mnyororo juu yake. Limbu alikuwa anakuja, ameinama kama alivyomwona Tadeo akiinama, mwendo wake wa kutisha.

“Limbu! Usikate kona!” Tadeo alipiga kelele akipunga mikono. “Breki hazishiki! Ingia shambani! Ingia kulia!”

Limbu alivuta breki. Raba ziliruka, moja ikampiga Tadeo kwenye bega. Kwa nukta moja alionekana kama atanyooka na korongo. Kisha akapinda usukani kulia, akapanda ukingo, akaingia kwenye matuta ya viazi ya watu. Baiskeli ilipinduka mara mbili. Limbu alitupwa kwenye udongo uliolimwa, akalala kimya.

“Limbu! Limbu, jamani!”

Limbu aliketi, akatema udongo. Mikono ilikuwa na michubuko, lakini alikuwa mzima. Gurudumu la mbele la baiskeli ya mjomba lilikuwa limejikunja, halifai. Alilitazama, kisha akamtazama Tadeo.

“Ulijuaje kwamba breki hazishiki?”

Tadeo angeweza kusema uongo. Angesema ameota, au ameona nati barabarani. Lakini alikuwa bado anahema, na uongo unataka mtu aliyetulia.

“Nilizilegeza mimi. Asubuhi, shambani. Nilidhani wewe ndiye uliyeharibu tairi langu.”

Limbu alinyanyuka na jiwe mkononi. Tadeo hakukimbia. Walitazamana hivyo, kisha Limbu akalitupa jiwe kwenye matuta.

“Ningekufa, Tadeo!” alisema, na sauti ikamkatika. “Mimi tairi lako nililishika kwa sababu sijawahi kuona kama lile. Na siku ile sikusimama kwa sababu nilijua ukinyanyuka utanipita tena.”

Walibeba baiskeli pamoja hadi kwa Mwalimu Edmund. Tadeo alisema yote, hakubakiza. Mwalimu aliwasikiliza huku amekunja uso.

“Utasema haya haya mstarini Jumatatu, kwa kinywa chako,” aliamua. “Na zamu zote za Limbu shambani hadi mwisho wa mwaka ni zako, pamoja na matuta ya watu mliyoyavuruga. Lakini lori linaondoka Jumatatu, na mchezaji wetu hana baiskeli.”

“Anayo,” Tadeo alisema. “Aende na yangu.”

Jioni ile ile Fundi Sedekia alilibandika tairi upya, akaiweka baiskeli ikauke siku nzima kivulini. Mjomba Maganga alikuja juu kama moto wa nyika. Alisema asingemtazama Tadeo mpaka gurudumu lake limenyooka, kwa hiyo Tadeo alishinda Jumapili nzima kwa fundi akishika spoku na kukaza, akikaza na kushika.

Jumatatu, mbele ya shule nzima, alisema aliyoyatenda. Wengine walimzomea, na alistahili. Kisha lori likaondoka, Limbu ameishikilia baiskeli ya samawati kwa mikono miwili. Mfukoni alikuwa na barua ya Tadeo kwa baba yake, inayoeleza kwa nini mtu mwingine ndiye aliyeipanda ile baiskeli ya samawati. Barua fupi kuliko hiyo hajapata kuiandika, wala ngumu kuliko hiyo.

Alirudi nyumbani akamkuta Bibi anachochea moto. Mtu mmoja tu alikuwa hajaambiwa ukweli wote, naye ndiye huyu.

“Sasa niambie,” Bibi alisema bila kugeuka. “Yule kijana mwenye adabu alikukosea nini hata utake kumuua?”

“Hakunikosea, Bibi.” Tadeo alitazama mafiga. “Gundi iliyeyuka hapa. Ule moto ndio ulionilainishia tairi. Kamasi uliyoifuta ndiyo iliyolishika.”

Bibi Yudith aliacha kuchochea. Kisha akajivuta kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake wa kulia, ule unaomsumbua wakati wa baridi, akauweka mbele ya mjukuu wake.

“Basi mwenye kosa amepatikana,” alisema. “Spana yako si ipo mfukoni? Haya, mume wangu. Lipiza.”

Tadeo aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, kama mtoto mdogo, na Bibi alimwacha alie mpaka machozi yakaisha.

“Huwezi,” alisema Bibi. “Huwezi kwa sababu unanijua, unajua nilifanya kwa mapenzi. Yule hukumjua, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Mtu akikukosea, mwendee umuulize, hata kama moyo unachemka. Mimi ungeniuliza siku ile ile, ningekujibu.”

Tadeo alifuta uso kwa kiganja. Akauchukua mguu wa Bibi, akauweka karibu na moto, akaanza kuukanda polepole.