Kitabu cha Waliorudi

Mambo yalianza na viatu, tena viatu vya kawaida tu. Asubuhi moja mke wa Tiki alifungua mlango afagie baraza, akakuta kando ya ndala za watu wa nyumbani jozi ya viatu vya kupandia mlima. Vilikuwa vya kike, vimelowa chepechepe, vimepangwa vizuri kama vya mgeni mwenye adabu zake. Kimoja kilikuwa na kamba. Kingine hakikuwa nayo.

"Baba watoto, tuna mgeni?"

"Mgeni gani saa hizi? Vitakuwa vya binti yako."

"Vya binti yangu navijua. Hivi vinanuka."

Tiki akatoka na kikombe cha chai mkononi. Harufu ilimpokea mlangoni: matope ya ziwani, na majani yaliyooza chini ya maji. Akakitazama kile kiatu kisicho na kamba, chai ikammwagikia miguuni.

Ngoja tumjue kwanza huyu Tiki. Kazi yake ilikuwa kutunza kitabu kwenye geti la chini ya mlima, pale zinapoanzia njia za wapandaji. Njia ya alama nyekundu inakwenda kwenye maporomoko, ya buluu inazunguka ziwa la chini, na ya manjano inapanda hadi ziwa la juu, mwendo wa saa nne kwa mwenye miguu yake. Kila anayepanda anaandika jina, njia na saa. Akirudi, Tiki anamwekea tiki kwa mkono wake mwenyewe, na ole wake mtu mwingine aguse ile kalamu. Ikifika saa kumi na mbili jioni kukawa na jina lisilo na tiki, anabonyeza king'ora na waokoaji wanapanda na kamba na taa zao. Ndiyo maana wakamwita Tiki, mpaka jina lake la cheti cha ndoa likasahaulika.

Sasa, mwaka mmoja nyuma alikuwa amebonyeza king'ora kwa ajili ya bwana mmoja. Waokoaji wakakesha mlimani kwenye mvua, kumbe bwana yule alitokea upande wa uani bila kupita getini, na alikuwa baa, kalewa chakari. Wiki tatu nzima walimcheka. "Tiki, leo nani kapotelea kwenye chupa?" Kiongozi wao, waliyemwita Kamanda, ndiye aliyecheka kuliko wote. Ilimuuma Tiki, ikamuuma haswa.

Halafu ikaja siku ya mvua nyingine. Saa kumi na mbili, jina moja halina tiki: fundi cherehani wa mjini, mwanamke mwenye koti la mvua la manjano, kapanda njia ya manjano. Tiki akakitazama king'ora, akakisikia kicheko cha Kamanda masikioni. "Huyu naye kapitia uani," akajiambia. Akaweka tiki, akafunga ofisi, akaenda kula.

Siku ya pili mama yake yule fundi akaja getini anatetemeka. Waokoaji wakamwonyesha kitabu: mwanao alirudi, mama. Basi wakamtafuta hospitali, wakamtafuta vituo vya basi. Tiki alikaa kwenye kiti chake akijua. Neno moja tu lilitakiwa, naye akalimeza.

Walimpata siku ya kumi na moja kando ya ziwa la juu, mguu umevunjika katikati ya mawe. Alikuwa amevua kamba ya kiatu akafunga vijiti kwenye mguu, na kipenga bado kilikuwa katikati ya meno. Daktari alisema aliishi siku nne. Mama yake alipouliza, Tiki aliweka kiganja juu ya kitabu, macho makavu, mchana kweupe: "Alirudi, mama. Nilimwona. Atakuwa alipanda tena bila kuandika." Yaani kosa likawa la marehemu!

Haya, turudi kwenye viatu. Tiki alivitupa korongoni. Kesho yake vikawa mlangoni, vimelowa. Akavichoma moto, vikarudi vimelowa vilevile. Ofisini kiti chake kikawa na maji kila asubuhi, na sakafuni kukawa na alama ya unyayo mmoja, na pembeni yake mstari mrefu, kama wa mguu unaoburutwa.

Kisha kikaja kipenga. Adhuhuri, jua limewaka, mke anachambua mchele, kikalia ndani ya nyumba: mara sita, fupi fupi, kisha kimya cha dakika nzima, kisha mara sita tena. Kila mtu wa mlimani anajua maana yake. Ni mtu anaomba aokolewe.

"Umesikia?" mke alinong'ona.

"Nyamaza."

"Kinatoka chumbani kwa binti."

"Nimekwambia nyamaza, mke wangu."

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa mwongozaji wa wapandaji, msichana wa vicheko vingi anayezijua njia zote tatu kama vidole vyake. Wakati huo alikuwa mlimani na wageni. Mama yake alipousukuma mlango wa chumba, kitanda kilikuwa kimelowa katikati, umbo la mtu aliyelala ubavu, amekunja mguu mmoja. Siku hiyohiyo akamburuta mumewe kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiyependa porojo. Alimsikiliza Tiki akizungukazunguka maneno, akamkatiza.

"Baba, mimi hunidanganyi. Aliita siku nne, binadamu hakuna aliyeitika. Aliyeitika ni jini la ziwa. Sasa wanatembea pamoja, na kisasi ni chao wote wawili."

"Nifanye nini, mama?"

"Nenda kwa mama yake. Mbele ya watu, kwa mdomo uleule uliosema uongo, sema kweli. Ukifanya hivyo nitakuja kulifukuza, na litatoka. Ila kile kitabu usikiguse kabla hujasema. Ukifuta kwa siri ulichoandika, utakuwa umempa yule marehemu kalamu yako."

Njia nzima mke wake alilia akimsihi aende. Tiki alikuwa anawaza jela. Alikuwa anawaza uso wa yule mama. Mficha maradhi, wahenga walishasema, kifo humuumbua, lakini nani anawasikiliza wahenga akiwa na hofu? Jioni hiyo aliuchana ule ukurasa, akautia kwenye jiko la mkaa, akauangalia mpaka ukawa majivu. Kwa mkewe akadanganya kuwa keshasema, keshasamehewa.

Na nyumba ikatulia. Siku tatu hakuna viatu, hakuna kipenga, kiti kikavu. Tiki akaanza hata kupiga mluzi. Siku ya nne binti akaandika jina lake kitabuni, njia ya manjano, anakwenda peke yake kupaka upya rangi za alama kwenye mawe.

"Baba, saa kumi nipo hapa. Mwambie mama aniwekee chakula."

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ukungu ukashuka. Simu ya binti haikupatikana, maana kule juu mtandao haufiki. Ilipogonga kumi na mbili Tiki hakungoja hata nukta, akabonyeza king'ora kwa ngumi.

Kamanda na wenzake wawili wakaja mbio. Kamanda akafungua kitabu, akainua macho.

"Tiki, unatutania? Si umeshamwekea tiki?"

Ilikuwepo. Wino mbichi, mkono wake hasa, na kile kimkia chake cha kupinda.

"Sikuiweka mimi! Kamanda, nakuapia, hajarudi!"

"Na huu mkono wa nani?"

Hapo Tiki akapiga magoti, akayamwaga yote, la fundi, la king'ora, la siku ya pili alipokaa kimya mama wa watu anatetemeka mbele yake, la kiganja juu ya kitabu, la ukurasa jikoni, maneno yakitoka yanakanyagana, machozi na kamasi, akisema nifungeni, niueni, lakini pandeni, mwanangu yuko juu, pandeni. Kamanda akaitazama tena ile tiki. Kisha akampigia simu mke wa Tiki, sauti wakaisikia wote.

"Shemeji, binti yupo?"

"Yupo, kaingia sasa hivi. Amelowa, hata salamu hakunipa, kajifungia chumbani. Kwani vipi?"

Kamanda akakata simu.

"Hayo ya fundi utayarudia kesho polisi, na mimi nitakuwepo," alisema. "Leo nenda nyumbani kwa mwanao. Mama wa fundi hakupata bahati hiyo."

Wakaondoka. Tiki akapiga simu mwenyewe.

"Mke wangu, viatu vyake viko wapi?"

Akasikia ndala zake zikienda mlangoni, zikisimama. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo mno.

"Baba watoto... kimoja hakina kamba."

"Toka humo ndani. Toka sasa hivi!"

Alisikia mlango, mbio, na mkewe akiita majirani. Na kutoka juu mlimani, mbali, ndani ya ukungu, kikalia kipenga. Mara sita. Kimya. Mara sita.

Huyo alikuwa mwanawe, na Kamanda asingemwamini tena. Tiki akachukua taa na kamba. Kwa mazoea ya miaka, na kwa kuwa alitaka kuwe na mtu wa kumtafuta, akaandika jina lake kitabuni, njia ya manjano, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Akatoka mbio.

Alipofika kwenye jiwe la kwanza la alama, lenye rangi ambayo binti yake alikuwa ameipaka asubuhi na bado ilikuwa inanata, kitu kikamwambia ageuke, naye akageuka, akaiona ofisi yake chini, taa inawaka, dirisha wazi, na kwenye kiti chake, mgongo umenyooka kama wa mtu aliyezoea kukaa kwenye cherehani, amekaa mwanamke mwenye koti la manjano linalochuruzika maji. Mbele yake kitabu kilikuwa wazi.

Alitafuta mstari kwa kidole, bila haraka. Akaupata. Akachukua kalamu, akamwekea Tiki tiki yake, akafunga kitabu, akazima taa.