Maji ya Kimya

Garifalia alikuwa amezamisha mikono kwenye unga wa mkate wakati Stamata, binti wa jirani, alipoingia mbio bila hodi.

"Shangazi, Krinio wako amesema!"

"Amesema nini?"

"Amesema tu. Chemchemini. Tulimtania njia nzima: 'We Krinio, mchumba wako ana kibiongo, na meno kaazima!' Kimya. Akajaza mtungi. Halafu wewe ukamwita."

"Mimi? Tangu asubuhi sijatoka mlango huu."

Stamata akaanza kulia. "Ilikuwa sauti yako, shangazi. Akaitika, 'Abee, mama.'"

Kila mkesha wa Mtakatifu Yohana, msichana mmoja huteka maji ya kimya, ili wenzake watumbukize pete zao humo na kuagulia waume. Akitoa neno, mizimu wenye chemchemi huchukua sauti yake, naye habanduki pale. Vijana huona ni mchezo. Mama mkwe wa Garifalia hakuona hivyo.

"Ukifika usimjibu," alinong'ona kutoka kitandani. "Hata akikulilia. Atakayemjibu ndiye atakayebaki bila sauti."

"Na nisipomjibu?"

Bibi akageukia ukuta.

Garifalia hakunawa. Alikwenda na unga mikononi.

Krinio alikuwa amesimama majini, magoti yamezama, mtungi begani. Macho wazi. Midomo ikicheza bila sauti. Sauti yake ilitoka chini ya jiwe, pale maji yanapochomoka.

"Mama. Nimechoka."

Garifalia akamvuta mkono. Hakusogea. Akavuta tena. Maji yakapanda mapajani.

"Mama, upo?"

Chini ya jiwe, mtu mwingine akacheka.

"Nipo, mwanangu," alisema Garifalia.

Krinio akakohoa, akamwangukia, akapiga yowe. Garifalia alitaka kumwambia anyamaze, yamekwisha. Ikatoka pumzi tu.

Jioni alipakua dengu. Anestis mumewe alikuwapo, mama mkwe alikuwapo, Krinio kajifunika blanketi, na Fotis, kitinda mimba, akigombania ganda la mkate. Aliwahesabu kwa ncha ya upawa. Wote wapo.

Ndipo mtu akaita kutoka uani, taratibu, kwa sauti ya Garifalia.

"Fotis. Njoo unipokee mtungi."

Mtoto akamtazama mama yake, aliyesimama mbele yake na upawa, akitikisa kichwa. Akatazama mlango. Maji yalishaanza kupenya chini yake.

"Fotis, baba, huitiki?"

Fotis alikuwa amefundishwa kuitika akiitwa. Akafungua kinywa.