Blanketi la Manyoya la Selestine

Niliyaona kwa macho yangu haya, msiniulize nilisimama wapi. Selestine aliachwa peke yake porini Geita kulinda duara, shimo la dhahabu walilochimba yeye na Mwita. Alilala kwenye machela aliyoifunga kati ya miti miwili, na kwa nje, chini ya mgongo, alifunga blanketi la mtumba la manyoya ya bata.

"Likilowa, manyoya yanagandana. Baridi itakumaliza, ndugu yangu," Mwita alimwonya akiondoka.

Selestine akakaza turubai juu. Mvua ikalipiga hadi alfajiri, na chini ya mgongo wake kitu kikawa kinapumua.

"Mwita?"

Kikaendelea kupumua.

Kulipopambazuka, blanketi lilikuwa kavu nje. Ndani lilikuwa limelowa kwa umbo la mtu aliyejikunja, likinuka tope la duara.

Haya, nakiri: mvua tu ndiyo niliyoitunga. Usiku ule halikudondoka hata tone.