Siku Ema Alipomkana Sajini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ema alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akamenya viazi vya kifungua kinywa. Baridi ya Njombe haina adabu. Mwezi wa saba humng'ata mtu mpaka kwenye mifupa. Hata hivyo Ema hakulalamika, kwani kazi hizo alikwisha kuzizoea. Kazi moja tu ilimkera: kumpelekea Sajini chakula chake.

Sajini alikuwa mbwa mzee. Sikio lake moja lilikuwa limechanika, mvi zimemjaa mdomoni, na kila alipotaka kusimama, miguu ya nyuma ilimgomea kwanza. Alikuja na baba yake Ema, mzee Polikarpo, aliyekuwa mlinzi wa ghala la mbolea kule Makambako. Ghala lile lilikuwa mali ya umma. Lilipouzwa kwa mtu binafsi, walinzi wote walipunguzwa kazi, na tajiri mpya akaleta mbwa wake vijana. Sajini akafukuzwa abaki kuzurura barabarani. Polikarpo hakukubali. Alimpandisha kwenye lori la Halfan, msafirishaji wa mbao, akaja naye nyumbani.

Basi hapo ndipo maneno yalipoanza. Wanaume wengine waliopunguzwa kazi walirudi kijijini na baiskeli, wengine na mabati, mmoja na redio kubwa iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Polikarpo alirudi na mbwa kikongwe! Watoto nao hawana simile. Haikupita wiki wakampachika Sajini jina: Kiinua Mgongo.

"Jamani, njooni mwone kiinua mgongo cha mzee Polikarpo kinavyochechemea!" alipiga kelele Jane, aliyekaa dawati moja na Ema. Wenzake wakacheka hadi machozi. Ema alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku moja ilitangazwa kwamba mtoto wa kijiji cha pili ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mbwa wote walitakiwa kupelekwa kwenye josho Jumamosi ili wachanjwe. Utaratibu ulikuwa huu: mwenye mbwa anasimama mbele ya watu, anataja jina la mkuu wa kaya yake, mbwa anachomwa sindano na kufungwa utepe mwekundu shingoni. Mbwa asiye na mwenyewe angefungwa kando ya uzio, na alasiri angepigwa risasi.

Jumamosi hiyo Polikarpo alikuwa na zamu ya kujenga zahanati pamoja na wanakijiji wengine.

"Ema, mwanangu, mpeleke Sajini," alisema. "Ukifika, taja jina langu tu. Usimkimbize, miguu inamuuma."

"Sawa, baba," Ema aliitikia kwa shingo upande.

Njiani alitembea mbele ya mbwa, ili anayewaona asidhani wako pamoja. Kwenye josho alimkuta Jane akiwa na mbwa wao kijana, mweusi anayeng'aa. Silvesta, kaka yake Jane, alimwona Sajini, akaanza kuchechemea kwa kumwigiza. Kicheko kikazuka mstari mzima.

Bwana Anania, afisa mifugo, hakuwa na habari na vicheko vyao. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine tepe. "Haya, huyu mzee ni wa nani?" aliuliza.

Watu wote wakamtazama Ema. Masikio yalimwaka moto. "Sijui," alisema. "Kanifuata tu njiani."

"Humjui kabisa?"

"Simjui."

Waliojua ukweli walizidi kucheka tu, wala hawakumsahihisha. Bwana Anania akaguna, akamkokota Sajini hadi kwenye uzio, akamfunga pamoja na mbwa koko. Sajini hakubweka. Aliketi, akamtazama Ema, akatikisa mkia. Ema aligeuka akaondoka mbio.

Nyumbani mama yake, Margareth, aliuliza, "Amechanjwa?"

"Ndiyo, mama. Anakuja nyuma, polepole."

Uongo wa pili ulimtoka kirahisi kuliko wa kwanza, na jambo hilo lilimtisha. Ugali wa mchana aliusukuma kando. Loo, aibu ya kuchekwa aliijua, lakini hii ilikuwa nyingine. Kwa hii hakuwapo mtu wa kumcheka, na bado hakuweza kuinua macho.

Baba alirudi mapema kuliko kawaida. Mkononi alikuwa na mfupa aliopewa na wapishi kwenye ujenzi wa zahanati. Alipiga mluzi mara moja, akapiga tena. "Sajini yuko wapi?"

Ema aliangua kilio. "Nimemkana, baba! Nimesema simjui. Wamemfunga, watamwua!"

Polikarpo aliuweka mfupa chini. Hakumpiga, na Ema aliona heri angempiga.

"Lile sikio unalolionea haya," baba alisema, "lilichanwa na panga la mwizi. Panga lile lilikuwa linakuja shingoni kwangu."

"Hukuniambia, baba!"

"Sikutaka umtunze kwa sababu ya kovu. Nilitaka umtunze kwa kuwa ni wetu. Inuka, twende!"

Walikwenda mbio mbio. Walipofika, mwenye bunduki alikwisha kuwasili, na watu walikuwa wamekusanyika kutazama. Jane na Silvesta walikuwa mbele kabisa. Polikarpo alisimama.

"Mimi naishia hapa," alimwambia bintiye. "Kinywa kilichomkana ndicho kitakachomkiri."

Ema alipenya katikati ya watu. "Kamwene, Bwana Mifugo," alimsalimu. "Yule mbwa mzee ni wetu."

"Ala! Asubuhi hukumjua, sasa umemjua?"

"Nilisema uongo." Sauti ilimkatika, akaanza upya, safari hii kwa nguvu, kila mtu asikie. "Ni wetu. Anaitwa Sajini. Baba yangu ni Polikarpo. Nilimkana kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Silvesta alicheka. Jane alimkanyaga mguu, naye akanyamaza.

Bwana Anania alimkazia macho Ema. "Binti, ungechelewa kidogo tu, ukweli wako usingemsaidia mtu." Kisha akamfungua Sajini, akamchoma sindano, akamfunga utepe. Mbwa akajikongoja moja kwa moja hadi kwa Ema, akamlamba mkono uleule uliomwacha. Ema alilia kwa uchungu kuliko alivyolia nyumbani.

Wakati wa kurudi aliuliza, "Baba, mbona hajanichukia?"

"Yeye hajui ulichomfanyia," alijibu Polikarpo. "Unayejua ni wewe. Sikiliza, mwanangu. Mbwa, mzazi, hata nyumba ya nyasi, chako ni chako. Wanaocheka watachoka, watakwenda zao makwao. Lakini ukimkana aliye wako ili kuwaridhisha, siku utakayohitaji mtu wa kusimama nawe, utawakuta wao tu, nao watakuwa wanacheka."

Walipofika kwenye mlima wa sokoni, Sajini alichoka akaketi katikati ya njia. Ilikuwa saa ya watu kutoka sokoni, na wengi walipita wakitazama. Ema akaketi chini kando yake, akamwekea mkono mgongoni, akasubiri mpaka alipokuwa tayari kusimama.